Mkono wa Shangazi na Ndoo ya Chambo

Kila Jumamosi asubuhi Chiriku alikuwa na kazi moja ambayo hakuna aliyehitaji kumsukuma aifanye. Alibeba ndoo ya bluu, iliyowahi kuwa ya rangi ya kupaka nyumba, akachukua na kijiwavu chenye mpini, akateremka ufukweni kabla jua halijawa kali. Saa hizo maji yalikuwa yametoka, na kwenye miamba yalibaki madimbwi yenye samaki wadogo wa rangi ya fedha, wasiozidi urefu wa kidole. Hao ndio aliowafuata.

Jina lake halisi lilitumika shuleni tu. Mtaani kote aliitwa Chiriku, jina la yule ndege asiyefunga mdomo, kwa sababu alianza kuongea alipofumbua macho na kuacha alipoyafumba. Mama yake aliapa kwamba hata usingizini mtoto huyo alikuwa akimalizia habari za mchana. Alikuwa na miaka kumi na miwili, miguu mirefu na maswali yasiyokwisha.

Samaki wale walikuwa chambo cha Shangazi, dada wa baba yake. Shangazi alikuwa fundi cherehani, aliishi chumba cha mbele katika nyumba yao na kushonea barazani. Siku za kazi alishona sare na mapazia. Jumamosi aliifunika cherehani kwa shuka, akateremsha fimbo yake ndefu ya kuvulia kutoka kwenye misumari miwili ukutani, akaenda kusimama pale mawimbi yanapovunjikia. Hakutumia mashua wala nyavu. Alisimama mchangani maji yakimfika magotini, akarusha mshipi wenye samaki mdogo aliye hai, akawasubiri kolekole, samaki wakubwa wenye nguvu wanaosogea hadi ndani ya povu kuwawinda wadogo.

Lakini zilikuwa zimepita Jumamosi nyingi bila fimbo ile kuteremshwa. Shangazi aliteleza kwenye ngazi za uani zilizokuwa na sabuni, akavunjika mkono wa kulia karibu na kiganja. Alifungwa plasta ngumu, ikakaa mpaka ikachakaa, ikatolewa. Tangu hapo alikuwa akiminya mpira mdogo asubuhi na jioni, kama daktari alivyomwagiza. Chiriku ndiye aliyemhesabia, na kwa kuwa alihesabu huku akisimulia mambo ya shule, alisahau alipofikia na kuanza upya. Shangazi alisema mkono wake umefanya mazoezi ya watu wawili.

Sasa ilikuwa Jumamosi ya kurudi baharini. Chiriku alimkuta Shangazi barazani, fimbo imelala mapajani, akiipangusa kwa kipande cha kitambaa cha sare.

"Leo nakwenda kuuuliza mkono huu," Shangazi alisema, "kama bado uko kazini au umestaafu."

"Utajuaje, Shangazi?"

"Kwa chambo. Samaki mdogo aliye hai hatulii kwenye ndoana. Anatikisa mkia, anavuta huku, anavuta kule, na mtikisiko wake unapita kwenye mshipi mpaka kwenye kidole hiki. Mkubwa akimsogelea, mdogo anaanza kuhangaika. Nikisikia hivyo, najua mambo yameiva." Alikiinua kidole chake cha shahada, akakitazama. "Daktari kasema mfupa umeunga vizuri. Kuhusu ganzi ya vidole, kasema tusubiri tuone. Mimi kusubiri kumenichosha."

Chiriku alisikia yote hayo, lakini yaliingia sikio moja yakapita. Yeye alikuwa na lake. "Na mimi je, lini nitarusha mshipi?"

"Haya, tuelewane. Ukiniletea chambo wazima mpaka ufukweni, nikishapata samaki mmoja, fimbo ni yako. Ila uwatunze. Uwachukulie kama wageni wako."

Masharti Chiriku aliyajua kwa moyo. Usijaze ndoo. Iweke kivulini, uifunike kwa kitambaa kibichi. Maji ya bahari uyabadilishe mara kwa mara, na mikono uiloweshe kabla ya kumgusa samaki. Alikwenda kwenye miamba, akavua samaki wa kutosha, akarudi mbiombio na ndoo ikimpiga gotini. Maji ya bahari yalikuwa bado chini, na Shangazi alitaka kwanza yaanze kupanda. Basi Chiriku aliiweka ndoo jikoni, chini ya meza, mahali penye baridi, akaketi kunywa chai.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda mrama. Aliinama kuwaangalia wageni wake. Walikuwa wakizunguka ndoo, wakizunguka tena, na yeye mkononi ana kipande kinono cha mkate. Roho ilimsuta. Mgeni gani anaketi jikoni kwa watu akitazama wenye nyumba wakila? Zaidi ya hapo, aliwaza, samaki aliyeshiba atakuwa na nguvu, na mwenye nguvu atatikisa mshipi vizuri zaidi. Alimega mkate, akaufikicha, akawamwagia.

Punde samaki walikuja juu, wakawa wanafungua na kufunga midomo. Chiriku alifurahi, akadhani wanaomba zaidi. Akawaongezea kipande kizima.

Maji yaligeuka meupe. Mkate ulilowa, ukavimba, ukashuka chini, na samaki waliendelea kutweta pale juu. Halafu mmoja alipinduka akaonyesha tumbo. Chiriku alishtuka. Bahari ilikuwa mbali kwa mtu mwenye ndoo nzito, lakini bomba lilikuwa hapo uani. Aliwachota samaki kwa kijiwavu, akayamwaga maji machafu, akajaza ndoo kwa maji ya bomba, safi kabisa, yanayonywewa na watu. Samaki walirukaruka kidogo, kisha wakatulia. Wamepumzika, alijiambia. Alipowagusa, hakuna hata mmoja aliyemjibu. Samaki wa bahari walikuwa wametiwa katika maji yasiyo na chembe ya chumvi, na hilo ndilo lililowamaliza.

"Chiriku," Shangazi aliita kutoka barazani, "maji yameanza kupanda. Wageni wetu hawajambo?"

Ilikuwa nafasi nzuri ya kusema. Madimbwi yalikuwa bado wazi na muda wa kuvua wengine ulikuwepo. Lakini Chiriku aliiwaza ile fimbo, akawaza jinsi alivyojigamba darasani kwamba Jumatatu atawaeleza jinsi kolekole anavyovuta, na neno likamtoka lenyewe.

"Hawajambo, Shangazi."

Akaifunika ndoo kwa kitambaa kibichi, akaibeba. Njia nzima hakusema kitu. Shangazi alimtazama mara mbili, akamuuliza kama anaumwa jino.

Ufukweni walimkuta fundi baiskeli, jirani yao mwenye karakana pembeni ya barabara. Alikuwa amejikalia kwenye kiti cha plastiki ambacho mguu wake mmoja aliuunga mwenyewe kwa waya, fimbo yake fupi ameichomeka mchangani. Yeye alitumia vipande vya ngisi. Kuhangaika na samaki hai, alisema, ni kujitafutia watoto wa kulea ukubwani.

"Dada, umerudi," alisema akiinuka kwa furaha. "Nilishaanza kuizoea nafasi yako."

"Wewe umeizoea, samaki hawajakuzoea," Shangazi alimjibu, naye fundi akacheka.

"Maneno unayo bado. Lakini siku ukiichoka hiyo fimbo, kwangu unakujua."

Shangazi aliingia majini, akamgeukia Chiriku. "Tunga wewe chambo, kama nilivyokufundisha. Vidole vyangu bado vizito kwa kazi ndogondogo."

Chiriku aliwapa mgongo. Alitoa samaki mmoja kutoka chini ya kitambaa, akampitisha ndoana kwenye mdomo wa juu, akamficha kiganjani huku akiutikisa mkono ili aonekane anapigapiga. Shangazi hakuchungulia. Aliirudisha fimbo nyuma ya bega, akarusha, na mshipi ukaenda ukatua ng'ambo ya wimbi la kwanza, pale pale alipopataka. Alitabasamu. Mkono ulikuwa haujasahau kurusha.

Kisha aliuweka mshipi juu ya kidole cha shahada, akasubiri. Wimbi lilivunjika, likarudi. Lingine likaja. Polepole lile tabasamu lilimwisha usoni.

"Simsikii," alisema.

"Labda ametulia," Chiriku alisema, akiyatazama maji.

"Mwanangu, chambo hai hatulii."

Shangazi alijaribu kwa kidole cha kati, akajaribu kwa cha pete. Mkono wa kushoto haukuwa wa kuulizwa, maana hata zamani kazi yake ilikuwa kuzungusha mshipi tu na haukuwahi kujifunza kusikiliza. Alivuta mshipi, akaomba chambo mwingine, na Chiriku akampa mfu mwingine kwa ujanja ule ule.

Mara maji nyuma ya wimbi yalianza kuchemka. Samaki wadogo waliruka juu kwa makundi na vivuli virefu vikakata katikati yao. Kolekole walikuwa wamefika. Fimbo fupi ya fundi baiskeli ilipinda, kiti kikaanguka, naye akawa anakimbia huku na huku mpaka akaburuta mchangani samaki wa kutosha sufuria moja. Shangazi alisimama, mshipi kidoleni, macho ameyafumba ili asikie vizuri. Hakuna kitu.

Aliukusanya mshipi, akatoka majini, akaketi mchangani. Aliufungua mkono wake wa kulia, akaufunga, akaufungua tena.

"Samaki wako pale, chambo yuko pale, na mimi sisikii," alisema taratibu. "Kama kidole hiki hakimsikii samaki anayehangaika, kitausikiaje uzi kwenye sindano? Nilikuwa najidanganya na kile kimpira." Alimwangalia jirani yao, na safari hii hakutania. "Fundi, bado unaitaka fimbo hii?"

Fundi baiskeli, mtu wa mizaha tangu asubuhi mpaka jioni, aliivua kofia yake. "Dada, usiniambie hivyo," alisema.

Chiriku aliona macho ya Shangazi yamejaa machozi. Hakuwahi kuyaona hivyo, hata siku ile ya ngazi. Kumbe alichoficha ndani ya ndoo hakikuwa samaki wachache tu. Alikuwa ameacha mtu anayempenda alie kwa ugonjwa asiokuwa nao.

"Shangazi," alisema, na sauti ilimtoka nyembamba, "mkono wako ni mzima. Samaki ndio wafu."

Shangazi aliinua uso.

"Walikufa nyumbani. Wote. Niliwapa mkate, maji yakachafuka, nikawatia kwenye maji ya bomba, wakafa, nikakwambia hawajambo. Nikakutungia wafu. Mkono wako hauna kosa lolote, Shangazi. Nisamehe." Alikuwa analia sasa, kwa sauti, bila kuficha.

Shangazi aliivuta ndoo, akafunua kitambaa. Alimtoa samaki mmoja, akamgeuza, akamwona amekauka macho, na kipande cheupe kimemganda ubavuni.

"Hiki ni nini?"

"Ni mkate."

"Uliwapa mkate." Shangazi alikibandua kile kipande. "Wenye siagi?"

"Hapana. Siagi iliisha."

Fundi baiskeli aligeuka kutazama upande mwingine, mabega yakimtikisika. Shangazi alijikaza, akashindwa, akacheka mpaka akajipangusa macho kwa upande wa mkono ule ule. Lakini kicheko kilipokwisha, uso wake ulibaki na swali. Chambo mfu haongei na mtu. Kwa hiyo mkono ulikuwa haujaulizwa bado, na jibu lilikuwa linasubiri.

"Simama," alimwambia Chiriku. "Machozi utamalizia nyumbani. Madimbwi yanafunikwa. Niletee mmoja tu, mzima."

Chiriku hakuwahi kukimbia hivyo hata katika mashindano ya shule. Alimwaga maji ya bomba njiani na kufika kwenye miamba akihema. Madimbwi ya chini yalikuwa tayari yamemezwa na bahari. Lilibaki moja la juu, na mawimbi yalishaanza kulichungulia. Alizamisha kijiwavu, samaki wakakimbilia ufa. Akazamisha tena, akateleza, akakaa ndani ya dimbwi na nguo zake zote. Huko kuanguka ndiko kulikomsaidia, maana samaki walitoka ufani kwa hofu na wawili wakaingia wavuni wenyewe. Aliwatia kwenye ndoo yenye maji ya bahari, akaifunika kwa kitambaa, akarudi kwa mwendo wa haraka lakini wa uangalifu, asiwatingishe.

"Wako wangapi?" Shangazi aliuliza.

"Wawili. Wote wazima. Waangalie mwenyewe."

Shangazi aliwaangalia. Chiriku alilowesha mikono, akamtunga mmoja mbele ya macho yake, na samaki yule alipiga mkia kwa hasira mpaka maji yakamrukia puani. Shangazi aliingia majini, akarusha.

Chiriku alisimama kando yake. Fundi baiskeli naye aliiacha fimbo yake, akaja kusimama. Shangazi alifumba macho, mshipi juu ya kidole. Wimbi lilivunjika, povu likawapita miguuni, likarudi.

"Yupo," Shangazi alisema kwa sauti ndogo.

Chiriku alisogea karibu zaidi.

"Yupo. Anatikisa mkia. Sasa anavuta kwenda kulia. Ametulia kidogo. Haya, ameanza tena." Machozi yalimshuka huku akitabasamu, wala hakuyafuta, kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi. Halafu sura yake ilibadilika. "Anahangaika."

Fimbo ilipinda mpaka ncha yake ikagusa maji. Mshipi ulitoka kwa kasi, ukikata wimbi. Shangazi aliegemea nyuma, akamwachia samaki aende alipotaka kwenda, akazungusha alipochoka, akamwachia tena. Lakini mkono uliokaa muda mrefu bila kazi ulianza kuishiwa nguvu.

"Chiriku, shika hapa, chini ya mkono wangu. Usivute. Shikilia tu."

Chiriku alishika. Ilikuwa ni kama kushika mlango ambao mtu mzima anausukuma kutoka ndani. Walirudi nyuma pamoja, hatua kwa hatua, mpaka wimbi kubwa lilipomwinua samaki na kumtupa mchangani, naye fundi baiskeli akamrukia mkiani, akaanguka naye. Alikuwa kolekole mpana, anang'aa, na alimpiga fundi makofi ya mkia mpaka akaomba msaada.

"Sasa fimbo siitaki tena," fundi alisema akitema mchanga. "Inaleta vita."

Walipokwisha kumweka samaki kivulini, Shangazi alimkalisha Chiriku kando yake.

"Sina ugomvi na mkate," alimwambia. "Ulikosea kwa kutojua, na mtu anayejifunza lazima akosee. Hata mimi niliua chambo wengi kabla ya kuwajua. Kosa lako ni lile neno moja, hawajambo. Kidole changu kilikuwa kinaniambia ukweli, kwamba kule hakuna kitu chenye uhai. Mimi nikakiona kibovu. Unajua kwa nini?"

Chiriku alitikisa kichwa.

"Kwa sababu nilikuamini wewe kuliko mkono wangu mwenyewe. Mtu akikuamini hivyo, uongo wako mdogo unaweza kumfanya ajione mgonjwa, au mjinga, na hana kosa. Ukiharibu kitu, sema mapema, maji yakiwa bado chini na njia ya kurekebisha ipo. Aibu yake inapita kabla chai haijapoa. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Shangazi." Kisha aliongeza bila kuulizwa, "Na fimbo sitairusha leo. Ahadi ilikuwa chambo wazima."

"Hutairusha leo," Shangazi alikubali. "Lakini yupo mmoja amebaki. Njoo."

Alimtunga samaki wa mwisho mwenyewe, polepole, kwa vidole vyake vya mkono wa kulia, akarusha. Kisha aliuchukua mkono wa Chiriku, akamwekea mshipi juu ya kidole cha shahada.

"Fumba macho. Unasikia nini?"

Chiriku alifumba macho. Alitamani sana kusikia. Alisikia baridi ya maji, mawimbi, na fundi baiskeli akikohoa. Jibu la kumfurahisha Shangazi lilikuwa tayari kwenye ulimi, fupi na rahisi, kama la asubuhi. Alilimeza.

"Sisikii kitu, Shangazi."

"Vizuri," Shangazi alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepewa zawadi. "Mara ya kwanza hakuna anayesikia. Subiri."

"Labda huyo naye ameshiba mkate," fundi alisema kwa nyuma, wakamnyamazisha wote wawili.

Walisubiri. Wimbi lilikuja, likaenda, na lingine likaja. Halafu juu ya kidole chake kitu kidogo kilipiga, kikaacha, kikapiga tena, chepesi lakini cha kweli.

"Yupo," Chiriku alisema.

Shangazi hakuugusa mshipi kuhakikisha. Alitazama baharini tu, akakaa tayari.